Jonas Lazima Awe wa Tatu

Saa tisa za usiku, ghorofa ya chini, hospitali ya Duluth.
Mashine za kufulia zina dakika arobaini zao,
nami nina penseli, na nyuma ya fomu ya mashuka
nimechora vistari sita.

Watu sita wanakwenda kwa daktari wa meno,
mmoja mmoja, hakuna wawili kwa pamoja.
Sijui kwa nini kila mara ni daktari wa meno,
au mbwa sita wa kuogeshwa, au wapiga piano.
Katika mafumbo haya halii mtu.
Hachelewi mtu kwa kuwa gari limegoma kuwaka
na ziwa limeganda mpaka kwenye mnara wa taa.

Jonas ni wa tatu. Limeshasemwa hilo, namwandika.
Irma yuko kabla ya Finley.
Finley yuko kabla ya Hollis.
Grady humfuata Hollis papo hapo, uzi na sindano.
Kerr si wa kwanza, wala si wa mwisho.

"Kisia tu, Lorna," ananiambia Delbert, akisukuma toroli.
Jumapili nilikisia. Nilikosa kumi na moja
kati ya ishirini na tatu.

Sasa naanzia mkiani. Nani atafunga mlango?
Si Jonas, ana kiti chake. Si Kerr, amekatazwa.
Irma ana Finley nyuma yake, Finley ana Hollis,
Hollis ana Grady mgongoni.
Basi Grady wa sita. Hollis wa tano.
Na wa kwanza? Kerr kakatazwa hapo pia,
Finley hawezi kumpita Irma.
Irma, basi, hata kama hataki.
Zimebaki nafasi ya pili na ya nne,
na wawili wanaoweza kupishana, Finley na Kerr,
bila kuvunja chochote.

Bila kuvunja chochote.

Mama yangu alikuwa wa sita.
Aune Hautala, kesi ya sita, karatasi ilibandikwa mlangoni,
niliisoma mwenyewe, nikamwonyesha kwa kidole.
Wakili wa msaada alisema atafika saa nne,
wa sita hawezi kuitwa kabla ya saa nne.
Lakini mwenye nyumba alikuwa na kesi tatu asubuhi ile,
na mwanasheria wake alikuwa na safari ng'ambo ya daraja,
akaomba zake zisomwe mfululizo.
Karani akasema sawa.
Mimi nilikuwa nje, nasaka sarafu za mita ya maegesho.
Niliporudi Mama alikuwa anafunga skafu yake,
taratibu, kama mtu aliyemaliza kununua stempu.
"Wameniita wa pili," alisema. "Nikadhani ni bahati."

Nimelichora hilo pia, pembeni mwa ukurasa.
Mama kabla ya wakili.
Wakili si kabla ya saa nne.
Hukumu papo hapo baada ya Mama.
Kila sharti limetimia, mchoro hauna kosa,
na hapo ndipo ninaposhikwa na hasira,
kwa sababu nilitaka kukuta kosa.

Swali: lipi kati ya haya lazima liwe kweli?
A, Kerr ni wa pili. Huenda.
B, Finley yuko kabla ya Jonas. Huenda.
C, Irma ni wa kwanza.
Nakitia weusi kiduara cha C mpaka karatasi inang'aa.

Kengele ya mashine namba nne inalia.
Delbert anafungua, mvuke unamfunika hadi kofia.
Naweka penseli sikioni, nashika ncha mbili za shuka,
yeye anashika mbili, tunakunja.

Nimetumia dakika kumi na moja.
Zinatakiwa nane.